Mchanga Uliochanwa

Tulifika saa nne, gari linanuka matango na mkate mweusi.
Tukaliacha msituni, kwenye misonobari,
tukabeba wenyewe: blanketi, chupa ya chai,
samaki wa moshi kafungwa gazetini,
na kile kiti cha Bibi Dzidra
ambacho hataki kubebewa.

Pwani ya Kurzeme haina makelele.
Choo kimoja cha mbao, mlango haufungi,
na familia nne tu, zimeketi mbalimbali
kama watu wanaoogopa kuombana chumvi.
Ndivyo tulivyo huku. Tunapendana kwa umbali.

Maji, usiulize.
Mjomba Ilgvars aliingia anatukana,
akatoka mwekundu kama bitiruti,
akaapa kwamba ni ya uvuguvugu.

Bahari yetu ina mafungu matatu.
Unazama kiunoni, unaibuka magotini;
unazama kifuani, unaibuka tena.
Mtoto hupimwa umri kwa fungu aliloruhusiwa.
Mimi nilifika la tatu nikiwa na miaka kumi na miwili,
nikasimama katikati ya bahari, maji yananifika vifundoni,
nikapunga mkono.
Walikuwa wanamenya mayai.

Mwanangu Renars bado ni wa fungu la kwanza,
na leo hata hilo halitaki.
Ana reki ya plastiki, ya manjano, imeng'oka jino.
Kaanzia kwenye majani ya kichuguu cha mchanga
anarudi kinyumenyume mpaka yanapolamba maji,
anachana.
Mistari imenyooka kama ya daftari.

Bibi akaweka kikombe chini.
"Nani kakufundisha?"
"Hakuna."
Akatazama mistari ile muda mrefu,
chai ikapoa, nzi akaingia, asimtoe.

Kisha akasema, si kwetu hasa,
labda kwa kile kikombe:
"Kila jioni trekta ilipita hapa na haro.
Toka mdomo wa mto mpaka mnara wa taa
walichana ufuo wote,
ili asubuhi askari wasome
nani kaingia baharini, nani katoka.
Jua likizama, bahari inafungwa kama duka.
Arvids wetu alisahau viatu.
Akarudi kuvichukua, basi. Viatu.
Asubuhi wakaja na rula."

Mjomba akakohoa. Alikuwa anaijua habari hii,
au alijua kwamba ipo.

"Walimrudisha siku ya pili.
Nyumba yake hatua mia tatu kutoka hapa,
na miaka arobaini hakukanyaga tena mchanga.
Sauti ya mawimbi ikizidi, alifunga dirisha."

Hakuna aliyejua la kusema.
Nikakata tango ambalo hakuna aliyelitaka.

Bibi akavua soksi, moja, ya pili,
akazikunja ndani ya kiatu,
akanyanyuka kwa kushika bega langu,
akaingia katikati ya mistari.
Taratibu. Kisigino, kidole, kisigino.

"Unaharibu!" Renars akalia.
"Ndiyo," akasema.

Renars akachana nyuma yake, kwa hasira.
Bibi akageuka, akapita tena.
Mtoto anachana, bibi anakanyaga,
hata ile hasira ikageuka kicheko
na wale wa blanketi la jirani
wakasogea kidogo waone vizuri,
wakaleta na chumvi.

Jua la Juni huchelewa kulala.
Miaka yote yeye ndiye aliyesema "twendeni"
lingali juu, akikusanya sahani kabla hatujashiba.
Leo lilizama lote
naye bado yuko majini, sketi kaishika,
anabishana na Ilgvars kama ni ya uvuguvugu.

Kiti tulikisahau.
Nilikumbuka tukishafika barabara kuu,
nikapunguza mwendo, nikatafuta pa kugeuzia.
"Acha," akasema nyuma yangu, gizani,
mchanga ukimpukutika miguuni.
"Acha kilale nje."